Usiuze Maua ya Mbuni

Juma lililopita, jioni baada ya kazi, nilikaa kwenye kijiwe kimoja cha kahawa hapa mjini. Mambo yalikuwa kama kawaida. Muuzaji aliweka dele lake juu ya makaa, akagonganisha vikombe, akagawa kashata, na wazee kwa vijana wakaendelea kubishana juu ya mpira na nauli za mabasi. Mimi nikachomeka swali langu. Niliuliza: hii kahawa tunayoinywa hapa kila siku inatokana na mti gani?

Mmoja alijibu upesi kwamba inatokana na mbuni. Wa pili akamcheka, akasema mbuni ni yule ndege mwenye shingo ndefu asiyeruka. Wa tatu alisema yeye ajuavyo kahawa inatoka Moshi, basi. Tulipomgeukia muuza kahawa mwenyewe kama ndiye mtaalamu wetu, alisema: "Mimi naitoa Kariakoo. Mambo ya miti waulizeni wakulima."

Tulicheka sote. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijiuliza, inakuwaje watu tunywe kitu kila siku, tukijadili juu yake mambo ya dunia nzima, na kitu chenyewe tusikijue? Yule wa kwanza ndiye aliyepatia. Mti wa kahawa kwa Kiswahili ni mbuni, wingi wake mibuni, na matunda yake ndiyo buni. Leo nataka tuuzungumze mti huo. Na sababu yangu si kuwafundisha botania. Kuna biashara inayofanyika chini ya mti huo ambayo sisi wa mjini tunahusika nayo, pengine bila kujua.

Mibuni ni ya aina nyingi, lakini inayolisha masoko ya dunia hasa ni miwili: arabika na robusta. Arabika ndiyo ya Kilimanjaro, Arusha, Mbeya na Mbinga, na asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Robusta ndiyo ya Kagera, na asili yake haiko mbali. Huu ni mti wa misitu ya Afrika, kuanzia Guinea kule magharibi, kupitia bonde la Kongo, hadi Uganda na kona ya kaskazini magharibi ya nchi yetu. Katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, robusta bado inaota porini bila kupandwa na mtu.

Wapo wanaoidharau robusta. Husema ni kahawa ya daraja la pili, kali na chungu, na kwamba arabika ndiyo kahawa ya kiungwana. Wanasayansi waliochunguza chembe za urithi za mimea hii wametupa habari ya kuchekesha. Wamegundua kwamba arabika ni mtoto aliyezaliwa na robusta pamoja na mbuni mwingine wa porini, uotao katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Muungano huo ulitokea wenyewe, maelfu mengi ya miaka kabla binadamu hajaonja kahawa. Kwa hiyo anayeisifu arabika huku akiitukana robusta anamsifu mtoto na kumtukana mzazi.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Robusta ni mti mfupi wa kijani kibichi mwaka mzima. Ukiachwa bila kukatwa unaweza kufikia mita 10, lakini shambani hupunguzwa ili mchumaji aufikie kwa mkono. Majani yake ni mapana na yana mikunjo, makubwa kuliko ya arabika. Mvua zinapoanza baada ya kiangazi, mti mzima hufunikwa maua meupe yanayonukia kama asumini. Uzuri huo haudumu. Baada ya siku mbili tatu maua yamenyauka, na kazi ya kutengeneza tunda ndiyo kwanza imeanza.

Ni kazi ndefu. Tangu ua la robusta kufunguka hadi buni kuiva na kuwa nyekundu hupita miezi kama kumi. Mimba ya binadamu ni miezi tisa. Mahindi yanapandwa, yanavunwa na kuliwa, na buni iliyochanua siku ile ile bado ni ya kijani mtini. Tafadhali, msikilizaji, uikumbuke hiyo miezi kumi, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba mti huu ulizaliwa kivulini. Kule msituni unakaa chini ya miti mirefu, ukipata jua la kuchuja. Mizizi yake mingi ya kulia chakula iko karibu na uso wa udongo, kwa sababu msituni chakula kinatoka juu, kwenye majani yanayoanguka na kuoza. Wakulima wa Kagera walilielewa hilo zamani sana kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika. Nenda kwenye kibanja cha Mhaya, yaani shamba linaloizunguka nyumba. Juu utaona miti mikubwa michache, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa maharage. Majani ya migomba na nyasi hutandazwa ardhini. Ukitulia utagundua kwamba kibanja kile ni msitu uliopangwa na binadamu, na mbuni umeachwa mahali pake pa asili.

Kahawa haikuletwa Bukoba na Mzungu. Wahaya walikuwa nayo zamani, ila hawakuinywa, waliitafuna. Buni zilichumwa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Hiyo ndiyo akamwani, na hadi leo inauzwa huko na kupewa mgeni. Mgeni aliyefika nyumbani akaondoka bila kupewa akamwani hakukaribishwa. Tena buni moja ina mbegu mbili zilizolaliana uso kwa uso. Marafiki wawili walipotaka kuchanjiana damu na kuwa ndugu, waligawana mbegu hizo za tunda moja, kila mmoja akala yake ikiwa imepakwa damu ya mwenzake. Kuanzia siku hiyo ilikuwa mwiko kudanganyana.

Biashara ya kahawa ya kupeleka ng'ambo ilikuja na ukoloni, na ugomvi ukaja pamoja nayo. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga hadharani kanuni za serikali ya Kiingereza zilizowaamuru namna ya kutunza mibuni ambayo babu zao waliijua. Mwaka 1950 wakaunda chama chao kikuu cha ushirika ili wauze kahawa yao kwa sauti moja. Watoto wengi wa mkoa ule walisomeshwa kwa mti huu. Wengine wamekuwa madaktari, mapadri, maprofesa na mabalozi, na wengine ndio hawa tunaokaa nao kijiweni.

Sasa kwa wale wenye kibanja nyumbani, au wanaofikiria kununua shamba, niseme kidogo juu ya kilimo chake.

Mbuni wa robusta haujichavushi wenyewe. Chavua lazima itoke kwenye mbuni mwingine, ikiletwa na upepo au nyuki. Matokeo yake ni kwamba ukipanda mbegu ya mti mzuri huna hakika ya kupata mti mzuri, kama vile mtoto asivyolazimika kufanana na mama yake. Ndiyo sababu wataalamu hupendelea miche ya vikonyo, inayotokana na kipande cha tawi la mti uliochaguliwa. Hapo napo pana siri yake. Kikonyo lazima kitoke kwenye shina linalokwenda juu. Ukikata tawi la pembeni ukalipanda litaota, lakini litatambaa pembeni maisha yake yote, halitasimama kuwa mti.

Mche hukaa kitaluni chini ya kivuli. Shimo huchimbwa mapema, sentimita 60 kila upande, likajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inatosha, nawe utapata miti 1,100 hivi kwa hekta. Miche ipandwe mvua zinapoanza, iwekewe kivuli, itandaziwe nyasi. Jembe lisipelekwe karibu na shina, maana nimekwisha kusema mizizi iko juu. Ukilima kwa nguvu pale unaukata mti mdomo wake. Mavuno ya kwanza huanza kuonekana mwaka wa pili au wa tatu.

Kazi inayowashinda wengi ni kupogolea. Mbuni huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliopita. Pale palipozaa mwaka huu hapatazaa tena. Kwa hiyo mti usiopogolewa hukimbilia juu ukitafuta tawi jipya, na mwishowe unakuwa na fimbo ndefu tupu na buni chache kileleni. Mibuni mingi ya Kagera ilipandwa na mababu, na imechoka. Mti kama huo unaweza kukatwa ukabaki kisiki, ukaacha machipukizi mawili matatu yenye afya yakue, na ukapata mti mpya juu ya mizizi ya zamani. Lakini atakayefanya hivyo lazima akubali kukosa mavuno ya mti huo kwa miaka kama miwili. Mwenye njaa leo hawezi kukata mti wake leo.

Lipo pia gonjwa la mnyauko fuzari, ambalo katika miaka ya 1990 liliangamiza mibuni mingi sana ya robusta Uganda na likavuka mpaka kuingia Kagera. Ni ukungu unaoingia mtini kupitia majeraha, hasa ya panga na jembe. Majani hugeuka manjano, yanapukutika, na mti unakufa. Dawa ya kuuponya mti uliopata gonjwa hili hakuna. Ung'olewe na kuchomwa pale pale, usiburutwe shambani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2001, kupitia kituo chake cha Maruku karibu na Bukoba, imetoa miche ya robusta inayolihimili gonjwa hilo. Mkulima anayepanda upya aitafute hiyo.

Msikilizaji, nimefika mahali nilipokuwa nakupeleka.

Mara ya mwisho nilipokwenda Kagera nilifikia kwa mzee mmoja mwenye kibanja kizuri. Ilikuwa mwezi wa tano, buni zinaanza kubadilika rangi. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. Nikamwambia: "Hongera mzee, mwaka huu una mzigo mzuri."

Alinijibu kwa upole: "Mzigo ni mzuri, mwanangu. Ila si wangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza. Miezi mingi nyuma, mibuni ilipokuwa bado maua, mkewe aliugua akalazwa. Hapakuwa na fedha ndani ya nyumba. Akaja mfanyabiashara anayejulikana kijijini, akaipita mibuni mstari kwa mstari akikadiria, wakapatana bei, akahesabu noti, na mzee akaenda hospitali. Mkewe alipona. Lakini kahawa yote ya mistari ile, kuanzia siku hiyo, ilikuwa ya yule mfanyabiashara, na bei waliyopatana haikufika nusu ya bei ya msimu.

Biashara hiyo ina jina lake huko. Inaitwa butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado ua au buni changa. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wameikemea kwenye mikutano, na watu wanaendelea kuifanya usiku kwa usiku. Sishangai. Marufuku haimlipii mtu kitanda cha hospitali.

Nisikilize sasa jinsi butura inavyoua mti wenyewe. Mnunuzi wa maua huwa na wasiwasi. Anaogopa mkulima asije akachuma usiku na kuuza kwingine. Hawezi kungoja buni ziive moja moja, kwa maana buni za tawi moja haziivi siku moja, na mchumaji mwema hurudi kwenye mti ule ule mara kadhaa. Yeye huleta watu wake, wakakamua tawi zima kwa mkupuo, nyekundu na kijani pamoja. Matawi yanavunjika, na kwenye tawi lililovunjika ndipo mavuno ya mwaka ujao yangetokea. Buni mbichi zikikaushwa hutoa punje nyeusi zisizo na uzito wala ladha. Kahawa ile inaharibu sifa ya kahawa ya mkoa mzima sokoni, bei inashuka, na mwaka unaofuata mkulima ana mti uliovunjika, mavuno machache na bei ndogo. Akiuguliwa tena atafanya nini? Atauza maua.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Kwa mzee yule methali ile imegeuka. Yeye ndiye aliyevumilia kupalilia, kupogolea na kutandaza, na mwingine ndiye aliyekula, tena akala mbichi.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba kwa miongo mingi robusta haikuwa na thamani kama iliyoipata miaka ya karibuni. Makampuni ya kahawa ya unga wa kuyeyuka huitegemea. Wenye mikahawa ya Ulaya huichanganya na arabika ili kikombe kipate nguvu na povu. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya ile ya arabika. Vietnam iliyapanua mashamba yake ya robusta tangu miaka ya 1980 na 1990 hata ikawa ya pili duniani kwa kahawa, nyuma ya Brazil. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la dunia ilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Fedha hizo zilimfikia aliyekuwa na buni mkononi. Aliyekuwa ameuza maua alisikia habari zake redioni kama mimi na wewe.

Nilimuuliza mzee yule kama watoto wake walijua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Wako mjini. Wanajua kahawa inavunwa mwezi wa saba. Mwezi wa saba ndipo wanapopiga simu." Halafu akaongeza, bila hasira: "Nyinyi wa mjini mlisomeshwa kwa maua, mwanangu. Ada ilikuwa mwezi wa kwanza, kahawa mwezi wa saba. Mlidhani tulikuwa tunaitoa wapi?"

Sikuwa na jibu.

Ndugu msikilizaji, simlaumu mkulima, wala sidhani kwamba kila mnunuzi ni shetani. Pengo lililopo ni la miezi kumi, kati ya ua na tunda, na mwenye fedha taslimu ndiye anayelijaza kwa masharti anayoyataka yeye. Tukitaka butura ife, hapana budi pengo hilo lijazwe na mwingine. Vyama vya ushirika, ambavyo ndivyo vilivyokabidhiwa kahawa ya wakulima wadogo, viweze kumpa mwanachama malipo ya awali kwa riba ya kibinadamu wakati wa shida, na siyo kungoja tu siku ya mnada. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini viimarishwe. Bima ya afya imfikie mkulima, kwa sababu mara nyingi ni ugonjwa ndio unaouza maua. Na kila kibanja kiwe na kitu cha kuuza katikati ya mwaka, maharage, parachichi, kuku au asali, ili mbuni uachwe uive.

Na sisi wa mjini tunalo fungu letu. Kama una wazazi wenye mibuni, usingoje mwezi wa saba kupiga simu. Piga mwezi wa kumi, mibuni ikichanua, uulize nani anaumwa na nani anadaiwa. Kiasi kidogo cha fedha wakati huo kinaokoa mavuno ya mwaka mzima. Kama huna mtu huko, basi walau kunywa kahawa ya nchi yako. Waethiopia hunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa wanayolima, kwa hiyo soko la nje likiyumba, wao wana soko nyumbani. Sisi karibu yote tunaipeleka nje, halafu tunanunua kopo lililopambwa lugha ya kigeni, na ndani ya kopo hilo inawezekana kabisa imo robusta ya Afrika iliyorudi kwetu imevaa koti.

Nilipoaga, yule mzee alinitolea akamwani chache kutoka kwenye kikapu kidogo. Aliipasua moja kwa vidole, zikatoka mbegu zake mbili. Moja akanipa, nyingine akaitafuna mwenyewe. Hakusema neno, nami nilielewa. Tunda moja, mbegu mbili, mmoja wa shamba na mmoja wa mjini. Zamani waliogawana hivyo hawakuruhusiwa kutelekezana.